Nakala ya Rehema

Jumatatu, 14 Julai

Nimebadilisha vioo vitatu na tundu moja la chaji. Simu ya mwalimu wa madrasa imegoma tena, betri imevimba kama andazi. Nimemwambia anunue nyingine. Akanung'unika, akaondoka nayo mfukoni. Iko siku itamlipukia.

Mchana kaja Rehema. Ni mchumba wa Idrisa, binamu yangu, mtoto wa mjomba Athumani wa Vihingo. Kaleta simu yake ya batani, spika haitoi sauti. Ndiyo anayojaribia gemu lao. "Dada Zamda, sina haraka, nitaipitia Alhamisi." Akaiacha mezani, akaenda zake sokoni. Hata memori kadi hakutoa.

Gemu lenyewe linaitwa Mamba wa Ruvu. Idrisa kaliandika, Rehema kachora. Mwanamke anavuka mto na mzigo kichwani, anaruka mawe, mamba wanamvizia. Watu wanalipenda. Kwenye simu za tachi linauzwa jero, shilingi mia tano. Kwenye batani, buku tatu, elfu tatu nzima. Unatuma hela, unaletewa namba ya kulifungulia. Leo peke yake watu wanne wameniuliza kwa nini mwenye kitochi cha batani ndiye alipe zaidi. Muuza mihogo wa hapa Maili Moja alisema, "Yaani ukiwa maskini unatozwa na faini juu." Nilicheka.

Jumatano, 16 Julai

Spika ya Rehema imepona. Uchafu tu. Nimepitisha brashi, ikaongea.

Halafu nikafanya lile. Gemu lililomo kwenye simu yake halidai namba. Ni nakala ya majaribio, imeachwa wazi. Nikachomeka waya, nikaivuta kwenye kompyuta yangu. Haikumaliza dakika.

Nilijiambia naangalia tu kama inawezekana. Inawezekana. Muuza mihogo alipopita nikamwekea bure. Alifurahi, akaniachia mihogo miwili. Nikajiona nimetenda haki.

Hiyo ni sababu ya mdomoni. Ya moyoni ni kwamba banda la ng'ambo ya barabara linawawekea watu magemu bure wakinunua memori kadi, na wateja wangu wanavuka. Na iko nyingine chini zaidi. Idrisa nimemfundisha mimi kushika bisibisi. Siku hizi akikaa barazani kwao wanamwita mtaalamu. Mimi wananiita Zamda wa simu.

Alhamisi, 17 Julai

Rehema kaja kuchukua simu. Kabonyeza, kasikiliza mlio wa maji, kacheka. Sikumtoza. Kanishukuru mara mbili. Nilijifanya natafuta skrubu.

Jumamosi, 26 Julai

Gemu limesambaa kama moto wa makuti. Nimewawekea madereva wa bodaboda, mama ntilie, mlinzi wa ghala la saruji. Wateja wamerudi. Wanakaa kwenye benchi langu wanashindana nani kavuka mara nyingi.

Fundi wa banda la ng'ambo naye kaja kuomba. Nimempa. Jana kapeleka Mlandizi. Hakuna tena wa kulirudisha.

Mama nimemtumia simu ya batani niliyoikarabati, na gemu ndani. Kapiga kutoka Vihingo kusema kale kamamba kamemla mara kumi na moja na hakubali. Sauti yake kama ya msichana. Nilifurahi kwa dhati. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumanne, 29 Julai

Idrisa kaja bandani asubuhi. Amekonda. Ana furaha na hofu kwa pamoja, sikuwahi kumwona hivyo. Stendi ya Mlandizi ameona watu sita wanacheza gemu lake kwenye batani. Lakini kwa zaidi ya wiki hakuna aliyeomba namba ya kufungulia.

Yeye anadhani kosa ni lake. Kwamba kuna mahali alipoandika vibaya, na gemu linajifungua lenyewe.

Nikamuuliza la bei. Nilitaka aseme kitu kibaya ili nimchukie. Hakusema. Alisema kwenye tachi magemu ya bure yamejaa, ukiweka buku watu wanakucheka. Ukiweka jero wanatoa bila kufikiri, na ni wengi. Batani wanunuzi ni wachache, na kazi ni mara mbili. "Kila simu ina kioo chake, dada. Picha za tachi hazikai mle. Rehema amechora kila mamba upya, kitone kwa kitone. Hao wachache inabidi waibebe kazi yote."

Sikuwa nimefikiria vitone.

Ameniomba nimsaidie kulitafuta kosa. Mimi ndiye mwenye simu za batani za kila aina, mbovu na nzima. Ningesema nini? Nikakubali. Atanisubiri Vihingo siku ya Nane Nane.

Ijumaa, 8 Agosti

Vihingo. Nimekuja na mfuko wa simu kumi na mbili.

Kutwa nzima tumekaa kwa mjomba Athumani, mimi na Idrisa, chini ya paa la baraza. Anaweka gemu kwenye simu, nalibonyeza, linadai namba. Anaweka kwenye nyingine, linadai namba. Kila mara anaandika kwenye daftari: hapa kosa halipo. Mjomba akipita anasema, "Msikate tamaa, kitu kikipotea huwa kiko karibu." Mzee hajui. Kauli tu ya mzee. Ilinichoma kama sindano.

Saa tisa mama kaja kutusalimia, kitochi mkononi. Bila kuulizwa kaanza kucheza mbele ya Idrisa.

"Shangazi, umelinunua?"

"Mimi na hela wapi? Kaniwekea Zamda."

Wote wawili wakanitazama. Nikasema nilimnunulia, siku za mwanzo kabisa. Idrisa akatabasamu. Akasema, "Kumbe dada ndiye mteja wangu wa kwanza." Akanishika bega.

Kabla ya kulala nimeliondoa kwenye simu ya mama. Nimemwambia limeharibika.

Jumamosi, 9 Agosti

Tena kutwa nzima. Kosa halipo.

Idrisa hali vizuri. Mkewe mjomba kampikia wali kwa kisamvu, kagusa tu. Amesema akishindwa kulipata ataliandika upya lote, miezi minne ya kazi. Nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka kwake.

Kuanzia leo najiita mwizi. Kwenye karatasi tu. Mdomo bado hauwezi.

Jumapili, 17 Agosti

Kaja hapa chumbani kwangu Kibaha, jasho linamtoka. Sikuwa nimefua, sikuwa nimefagia. Hakuona chochote.

"Dada, nimempata."

Nikasema moyoni, alhamdulillahi, yamekwisha.

Akatoa simu aliyoiazima kwa muuza nyanya wa Mlandizi. Kumbe kila nakala ya majaribio aliifichia jina la mwenye nayo ndani yake. Sikulijua hilo. Amelichimbua gemu linalozunguka mitaani, na jina lililomo ni la Rehema.

Nakala za majaribio zilikuwa mbili tu. Yake na ya Rehema.

Anasema Rehema ameigawa. Labda kaiuza. Labda yuko mtu nyuma yake. Alikuwa anasema huku anatembea kutoka ukutani hadi mlangoni. Mara hasira, mara machozi. Ameshampigia. Rehema amekana. Amemwambia jina halisemi uongo.

Kitu cha kwanza nilichohisi ni nafuu. Naandika ili nisije nikajifanya nimesahau. Binti wa watu anatukanwa kwa simu, na mimi moyo umeshuka mahali pake kwa sababu jina si langu.

Nilimpa maji. Nilimwambia asiwe na haraka. Basi. Hayo ndiyo yote niliyoyasema.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimeunguza simu mbili za watu kwa pasi ya kuchomelea risasi.

Alhamisi, 21 Agosti

Rehema kaja bandani. Nilimwona tangu mbali, na sikuwa na pa kujificha. Kavaa baibui la safari ingawa kwao ni Pangani ya hapa hapa Kibaha, si mbali. Macho yamevimba.

Hakukaa. Alisimama mbele ya kioo cha meza yangu, akasema taratibu, kama mtu aliyeyapanga maneno njiani.

"Dada Zamda, nimekumbuka kila siku ya ile simu. Hailali mbali na mimi. Imetoka mkononi mwangu mara moja tu, nilipokuletea. Sikutuhumu. Nakuuliza tu. Kuna mtu aliishika hapa?"

Nikasema hapana.

"Hata kwa bahati mbaya? Labda mtu alikaa hapo kwenye benchi?"

Nikasema simu za watu nazifungia kwenye droo. Nikaifungua droo nikamwonyesha. Nilimwonyesha droo, ewe Mola.

Akasema, "Sawa dada. Nisamehe kwa kukuuliza." Akaondoka.

Kaniomba msamaha.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimefunga banda mapema. Nimekaa kitandani na simu, naandika ujumbe kwa Idrisa. Nafuta. Naandika. Mara ya tano uliniishia kwa neno "bahati mbaya". Nikaona hata kukiri kwangu kuna uongo ndani. Nikafuta.

Jumapili, 24 Agosti

Nilidhani nitapunguza kosa kabla ya kulisema. Nimepita banda kwa banda kuwaomba mafundi wenzangu walifute lile gemu. Wa ng'ambo alicheka mpaka akashika mbavu. "Dada, wewe si ndiye ulinipa?" Muuza mihogo hakucheka, ila alishika simu yake kwa mikono miwili, akanijibu kistaarabu, "Kitu umenipa mwenyewe, unakitakaje tena?"

Mlinzi wa ghala alikubali. Mmoja.

Nimeifuta kwenye kompyuta yangu. Sijui kwa faida ya nani.

Jumatano, 27 Agosti

Mama kapiga. Anazungumza kwa sauti ya chini kama wako msibani.

Mjomba Athumani amekwishaamua. Jumamosi anakwenda Pangani na wazee wawili kuvunja uchumba. Ameshawatumia salamu wazazi wa Rehema kwamba mwanawe hawezi kuoa mtu asiyeaminika. Maneno yale yale, asiyeaminika. Mama anasema mama yake Rehema kalia kwenye simu mpaka mjomba akakata. Majirani wa Pangani wanajua. Huko kwenye duka la vifaa vya shule alikokuwa akichora vibao, wamemwambia apumzike kwanza.

Mama akasema, "Sura ya mtu huijui. Yule binti nilimpenda, nilidhani ana haya."

Nilitaka kusema. Nikasema, mama, Ijumaa nakuja. Akauliza kuna nini. Nikasema nakuja tu.

Ijumaa, 29 Agosti. Vihingo

Ninaandika kwa mama, jua halijazama. Nataka niandike leo leo, kesho nisije nikayapamba.

Nimefika baada ya sala ya Ijumaa. Barabara vumbi tupu, mikorosho imetoa maua. Mjomba alikuwa barazani, kanzu ya kesho imetundikwa dirishani. Idrisa kakaa kwenye mkeka, kompyuta imefungwa pembeni yake. Mama naye nimemwomba aje. Nilitaka niliseme mara moja tu.

Shikamoo mjomba. Marahaba. Nikakaa chini.

Nikasema, "Rehema hakuigawa. Ni mimi. Aliniletea simu nimtengenezee spika, nikaitoa nakala bila yeye kujua. Mimi ndiye niliyeigawa."

Kuku alipita katikati yetu, hakuna aliyemfukuza.

Mjomba akasema, "Rudia."

Nikarudia. Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza.

Nilisubiri Idrisa apige kelele. Hakupiga. Alikuwa ananitazama kama mtu anayejaribu kusoma maandishi ya mbali.

"Nane Nane," alisema. "Ulikaa hapa hapa."

"Ndiyo."

"Siku mbili. Ulikuwa unanisaidia kutafuta."

"Ndiyo."

"Dada, nilikuwa naandika kila simu. Na wewe ulikuwa unanisomea majina yake niandike."

Alinyanyuka akaingia ndani. Kompyuta aliiacha kwenye mkeka.

Mjomba akaniuliza kwa nini. Nikaanza la bei, kwamba watu wa kitochi ni wanyonge, buku tatu ni nyingi. Akainua mkono nikanyamaza. "Hukumwambia yeye. Ungemwambia angepunguza au asingepunguza, lakini angejua." Nikasema basi, mjomba, nilimwonea wivu. Hapo ndipo aliposhusha mkono.

Mama alilia kimyakimya na upande wa khanga mdomoni. Tulipokuwa tunarudi njiani aliniuliza jambo moja tu. "Na lile langu, uliposema limeharibika?" Nikasema halikuharibika. Akatangulia mbele. Hatujaongea tena hadi sasa.

Jumamosi, 30 Agosti

Mjomba alikwenda Pangani vilevile, na wazee wake wawili. Safari hii kuomba radhi. Nilimwomba nifuatane nao. Alisema, "Utakwenda, lakini usiongee mpaka uulizwe."

Nyumba ya kina Rehema iko nyuma ya mashamba ya minanasi. Wametupokea vizuri, na ndiko kulikoniumiza. Mikeka, chai ya tangawizi, vitumbua. Mjomba alisema yote mwenyewe, hakuficha, hakunitetea. Mzee wa watu, mvi kichwa kizima, anaomba msamaha mbele ya vijana kwa sababu yangu. Baba yake Rehema alisikiliza hadi mwisho, akasema amesamehe, ila la uchumba si lake la kujibu.

Rehema aliitwa. Akakaa karibu na mama yake. Alinitazama mimi kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Nilikuja nikakuuliza."

"Ndiyo."

"Nilikuuliza mara mbili."

"Ndiyo."

"Ukanionyesha droo."

Nilisema nisamehe. Sauti ilitoka nyembamba, mbaya. Akasema, "Nitakusamehe, dada, si leo. Leo bado nina hasira nawe na sitaki kudanganya."

Idrisa alikuwa amekaa mwisho wa mkeka. Hakuwa amegusa chai. Akasema amekosea, kwamba aliona jina akapofuka. Rehema alimsikiliza kwa upole, kama anavyosikilizwa mgonjwa. Kisha akamwambia, mbele ya wazee wote:

"Ulinijua miaka mitatu. Ile nakala uliijua siku moja. Ukaiamini yenyewe."

Uchumba haukurudi. Hakugomba, hakulia. Aliomba ruhusa, akaenda ndani. Mama yake akakusanya vikombe ingawa vilikuwa vimejaa.

Nilifikiri nikisema ukweli kila kitu kitarudi mahali pake. Nilikuwa nimechelewa, na kuchelewa kwenyewe kumevunja kitu ambacho wizi haukukivunja. Ningesema ile Jumapili Idrisa alipoleta jina la Rehema chumbani kwangu, wangeoana.

Jumanne, 2 Septemba

Sijafungua banda. Nimelala. Nimekula viazi vya jana.

Jumatano, 10 Septemba

Nimefungua tena. Maisha hayana adabu, kodi ya chumba iko pale pale.

Nimebandika karatasi ukutani: SIWEKI MAGEMU. Wateja wanaisoma wanavuka barabara. Nimewaacha wavuke. Wengine wanauliza kwa nini, nawaambia kwa sababu niliiba. Wanacheka wakidhani nina utani.

Idrisa ameacha kuuza gemu kwenye batani. Nimesikia kwa mama, ambaye sasa ananijibu simu, maneno mafupi. La tachi bado lipo, jero ile ile. La batani anasema hana tena mtu wa kumchorea vitone, na yeye mwenyewe hana mkono. Kwa hiyo mimi niliyesema nawatetea wenye kitochi, nimewamalizia gemu pekee lililotengenezwa kwa ajili yao. Wanalo lile la wizi. Lina kosa kwenye hatua ya tisa, mamba anaganda, na hakuna atakayelirekebisha.

Muuza mihogo kaniletea simu leo nimtoe mamba aliyeganda. Siwezi. Nimemwambia mwenye kujua hataki, na ana haki.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimekutana na Rehema kwenye duka la vitabu, hapa Maili Moja. Alikuwa na bahasha kubwa ya michoro kwapani. Anachora kitabu cha hadithi za watoto wa shule, kazi aliyoipata mwenyewe. Lile duka lingine walimwita arudi, alikataa.

Nilimsalimia. Aliitikia. Nikamwambia pole kwa yote, akasema ameshapoa kidogo. Kidogo, alirudia, akaonyesha kwa vidole viwili vilivyokaribiana, na kukawa na kitu kama tabasamu. Halafu akasema, "Ila simu yangu siku hizi natengenezea Mlandizi." Hakusema kwa kejeli. Alinijulisha tu.

Sikulia mbele yake.

Jumapili, 21 Septemba

Manyunyu tangu asubuhi, ya kushangaza kwa mwezi huu. Soko limepooza.

Saa nne mjomba Athumani kaja bandani. Hakuwahi kufika hapa hata siku moja. Mwavuli, kofia ya vito, viatu vimejaa matope. Nilisimama nikaangusha kisanduku cha skrubu.

Shikamoo mjomba. Marahaba, mama.

Kaniita mama, kama zamani. Sijui kama alikusudia.

Alitoa simu yake kwenye kitambaa. Haipokei chaji. Nikaiangalia, nikamwambia ni kazi ya nusu saa, pale jirani kuna chai na chapati za moto, anywe kwanza, akirudi ataikuta tayari.

"Nitakaa," alisema.

Akavuta kigoda mpaka mbele ya meza, akakaa. Hakuwa na ukali. Alikunja mwavuli akauweka katikati ya miguu, akaitazama mikono yangu. Nilifungua kifuniko. Nilitoa laini na memori kadi, nikavisogeza kwake, upande wake wa meza. Alivichukua akavifumba kiganjani. Nikang'oa tundu bovu, nikachomea jipya. Mara moja tu aliuliza kama Idrisa naye alikuwa akifanya hivi alipokuwa anajifunza, nikasema ndiyo, alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu. Akatikisa kichwa.

Simu ilipowaka nilimpa. Akarudisha laini na kadi mwenyewe, polepole, vidole vyake havioni vizuri vitu vidogo. Nilitamani kumsaidia. Nikaiacha mikono yangu juu ya meza.

Akalipa, nilikataa, akaiweka hela chini ya bisibisi. Nikamwomba awasalimie nyumbani, akasema salamu zangu atazifikisha. Akafungua mwavuli, akashuka barabarani.

Mteja mwingine alikuwa anasubiri, mama mmoja na simu iliyoingia maji. Nikamwambia akae, aone ninavyofanya.